Wakati Mmoja, Maandishi Mengi: Historia ya Kuandika Tarehe na Saa

Somo letu la leo ni habari za tarehe na saa: kwa nini watu wa nchi mbalimbali hawaziandiki namna moja, na jinsi kompyuta na simu zilivyofundishwa kumwonyesha kila msomaji tarehe na saa kwa desturi ya kwao. Mwalimu wa darasa na awe na chaki tayari, maana yako mambo ya kuandika ubaoni.

Pengine mtu atauliza: Je, tarehe nayo ina historia? Ajuaye kusoma tarakimu si ajua kusoma tarehe? Hebu tujaribu. Mwalimu, andika ubaoni hivi: 05/06/07.

Sasa kila mmoja aisome kimoyomoyo. Mtu wa Tanzania, Kenya au Uingereza atasema ni tarehe 5 mwezi wa 6, mwaka 2007. Mmarekani ataziangalia tarakimu zile zile, naye atasema ni tarehe 6 mwezi wa 5, kwa kuwa kwao mwezi hutangulia siku. Mjapani, ambaye kwao mwaka ndio unaotangulia, aweza kusema ni tarehe 7 mwezi wa 6, mwaka 2005. Watu watatu, wote wamesoma, wala hapana hata mmoja aliyekosea kwa desturi ya kwao. Lakini kila mmoja ana siku yake. Kama hiyo ilikuwa siku ya kesi mahakamani, au ya kumrudisha mtoto kliniki, au siku ya mwisho ya kulipa ada, wawili kati yao wangekuta mlango umefungwa.

Mwanafunzi akipatwa na jambo kama hili mara nyingi hujilaumu, akadhani bado hajui kusoma. Asijilaumu. Lawama ni ya maandishi yasiyosema yanafuata desturi ya nani. Hili ndilo jambo la kushika katika somo la leo.

SAA ZETU NA SAA ZA KIZUNGU

Tuanze nyumbani. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, na saa za usiku tangu kuchwa. Jua likiisha kuwa juu kwa muda wa saa moja, twasema ni saa 1 asubuhi. Hesabu hii inaifaa sana nchi yetu, kwa sababu karibu na ikweta mchana na usiku havizidiani sana mwaka mzima. Jirani zetu wa Ethiopia nao huhesabu saa zao hivyo hivyo. Huko Ulaya jua la kiangazi huchomoza mapema mno, na la majira ya baridi huchelewa sana, kwa hiyo hesabu ya namna hii isingewafaa. Wao huanza kuhesabu katikati ya usiku.

Hata siku yenyewe ilikuwa na mwanzo wake. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapokuchwa. Ndiyo maana wazee wa pwani walipotaja usiku wa Ijumaa walikuwa na maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Siku hizi, ili watu wasichanganyikiwe, twasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Kadhalika jina la Jumamosi lina neno mosi, yaani siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Lakini kalenda nyingi za Marekani huanza juma kwa Jumapili, na za Ulaya huanza kwa Jumatatu. Miezi nayo ilihesabiwa tangu kumalizika mfungo wa Ramadhani: mfunguo mosi, mfunguo pili, na kuendelea mpaka mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Kwa hiyo watu wetu hawakukosa hesabu ya wakati kabla ya kuja kwa saa za kizungu. Taabu ilianza pale hesabu mbili zilipokutana mahali pamoja bila ya kuelezana. Tazameni tiketi ya basi iliyoandikwa 06:00. Kondakta anajua kwamba hiyo ni saa 12 asubuhi. Lakini abiria aliyejifunza tarakimu juzi anaiona 6, anafika stendi saa 6 mchana, na gari limeondoka tangu alfajiri. Nauli imepotea, na mgonjwa aliyekuwa akienda kumtazama anamngoja.

Mwalimu, andika kanuni hii ubaoni, nasi tutaitumia mwisho wa somo. Kugeuza saa za kizungu kuwa saa za Kiswahili: kutoka 00:00 hadi 06:00, ongeza 6. Kutoka 07:00 hadi 18:00, toa 6. Kutoka 19:00 hadi 23:00, toa 18. Kwa mfano, 14:00 ni saa 8 mchana, na 20:00 ni saa 2 usiku.

KILA MJI NA JUA LAKE

Zamani kila mji duniani ulifuata jua lake. Jua likifika utosini, hapo ni adhuhuri ya mji ule. Lakini jua haliwafikii watu wote kwa mara moja. Linapokuwa utosini Mombasa, bado Kampala wanalingoja kwa karibu nusu saa. Katika siku za safari za miguu jambo hili halikumdhuru mtu. Msafiri aliyetembea miezi mitatu hakuwa na haja ya kujua kwamba jua la alikotoka limetangulia kwa nusu saa.

Reli ndiyo iliyobadili mambo. Gari la moshi likipita katika miji 20, na kila mji una saa yake, ratiba itaandikwa kwa saa ya nani? Na magari mawili yakitumia njia moja kwa saa zisizopatana, yataweza kugongana. Kwa sababu hiyo makampuni ya reli ya Uingereza yalianza kutumia saa ya London katika miaka ya 1840, na mwaka 1880 serikali ikaifanya kuwa sheria. Huko Marekani na Kanada makampuni ya reli yaligawanya bara lao katika kanda za saa tarehe 18 Novemba 1883.

Mmoja wa watu waliolishughulikia sana jambo hili alikuwa Sandford Fleming, mhandisi wa reli wa Kanada aliyezaliwa Scotland. Mwaka 1876, alipokuwa safarini Ireland, alikosa gari la moshi kwa sababu ratiba ilichapishwa kwamba gari litaondoka jioni, na kumbe liliondoka asubuhi. Tangu hapo alizidi kuhimiza saa zihesabiwe 24, na dunia nzima iwe na saa moja ya kulinganishia.

Mwezi wa Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, Marekani, kutafuta mahali ambapo hesabu ya dunia ingeanzia. Wengi walipiga kura kuchagua Greenwich, mahali penye jengo la kutazamia nyota karibu na London. Ufaransa haikupiga kura, nayo iliendelea na saa ya Paris mpaka mwaka 1911. Kutoka Afrika kusini ya Sahara alikuwapo mjumbe wa Liberia tu. Zanzibar, ambayo tangu mwaka 1879 ilikuwa na simu ya waya iliyopita chini ya bahari, haikuwa na mjumbe.

Huku kwetu reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu kwenye ziwa mwaka 1901. Lakini serikali za kikoloni hazikutulia juu ya saa moja. Kuna wakati saa za Kenya zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na nusu, na wakati mwingine kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa 3. Leo Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni saa 2, na Oman ni saa 4. Basi ndugu yenu aliyeko Muscat, akiwapigia simu saa 3 usiku ya kwake, ninyi wa Tanga mko saa 2.

Redio ililijua jambo hili mapema. Watangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza London mwaka 1957, hawakuwaambia wasikilizaji wao saa ya London. Walizoea kutaja saa za Afrika Mashariki, tena kwa hesabu ya Kiswahili. Aliyeijua saa ya kwake ndiye aliyepewa saa ya kwake. Kazi ya kugeuza aliifanya mtangazaji, wala hakumtwika msikilizaji.

SIKU ZILIZORUKWA

Sasa tuje kwenye tarehe. Kalenda inayotumiwa leo katika ofisi nyingi duniani ilitangazwa na Papa Gregory wa 13 mwaka 1582. Kalenda ya zamani ilikuwa imeachana na jua kwa siku 10, kwa hiyo katika nchi zilizomfuata Papa, siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba iliitwa tarehe 15 Oktoba. Uingereza haikukubali mpaka mwaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Urusi ilingoja mpaka mwaka 1918, na hapo tarehe 31 Januari ilifuatwa na tarehe 14 Februari. Ndiyo maana mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 huitwa Mapinduzi ya Oktoba, ijapokuwa kwa kalenda ya leo yalitokea mwezi wa Novemba. Ethiopia mpaka leo ina kalenda yake yenye miezi 13. Iliuingia mwaka wake wa 2000 mwezi wa Septemba 2007.

Hata baada ya kupatana juu ya siku, mataifa hayakupatana juu ya kuziandika. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Sisi twaandika 9/12/1961. Mmarekani huandika 12/9/1961, nasi tukiisoma kwa desturi yetu tutadhani ni tarehe 12 Septemba. Wamarekani hulitaja shambulio la New York la tarehe 11 Septemba 2001 kwa tarakimu 9/11. Kwetu tarakimu hizo ni tarehe 9 Novemba.

Ziko siku ambazo haziwezi kumpoteza mtu. Saba Saba ni 7/7 kwa kila desturi ya siku na mwezi, na Nane Nane ni 8/8. Lakini hesabuni wenyewe. Siku 12 za kwanza za kila mwezi zaweza kusomwa kinyume, na 12 mara 12 ni 144. Toeni zile 12 zenye tarakimu sawa, kama 7/7. Zimebaki siku 132 katika kila mwaka ambazo mtu aweza kuzisoma siyo, na asijue kwamba amekosea.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Viwango, lililoko Geneva, lilitoa kanuni mwaka 1988: mwaka utangulie kwa tarakimu 4, kisha mwezi, kisha siku. Uhuru wa Tanganyika kwa kanuni hiyo ni 1961-12-09. Kanuni hii ni nzuri kwa mitambo na kwa majalada. Lakini binadamu hapendi kuacha desturi yake, wala hapana sababu ya kumlazimisha.

KOMPYUTA INAVYOHESABU

Sasa tutazame jinsi kompyuta zilivyolitatua jambo hili, maana ndizo zinazotuletea barua, malipo na matangazo katika simu zetu.

Kurasa za intaneti, ziitwazo tovuti, zilianza mwaka 1991. Hapo kwanza aliyetengeneza ukurasa aliandika tarehe na saa kwa desturi ya kwao, na mgeni alijikaza kukisia. Ukurasa uliosema 03/04, saa 9:00, ulikuwa fumbo: tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Saa 9 ya wapi? Tena ya asubuhi au ya usiku?

Dawa yake ilikuwa kutenganisha mambo mawili: wakati wenyewe, na maandishi ya wakati. Wakati wenyewe kompyuta nyingi huuweka kama hesabu moja tu, yaani idadi ya sekunde tangu saa 6 ya usiku, kwa saa ya Greenwich, ulioanza tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo haina mwezi wala siku. Haina Uamerika wala Uswahili. Ni moja kwa dunia nzima.

Mfano utatusaidia. Hesabu hiyo ilifika sekunde milioni elfu moja tarehe 9 Septemba 2001. Wakati ule ule mmoja, Dar es Salaam ilikuwa saa 10 na dakika 46 alfajiri, watu wamelala. Tokyo ilikuwa saa 4 na dakika 46 asubuhi, watu wameamka kitambo. Na New York ilikuwa bado tarehe 8, saa 3 na dakika 46 usiku. Kompyuta za miji yote mitatu zilikuwa na hesabu moja, lakini kila moja ilimwonyesha mwenyeji siku na saa za kwake.

Ili kuigeuza hesabu hiyo, simu yahitaji vitabu viwili. Kitabu cha kwanza ni daftari la saa za miji. Kazi ya kulikusanya ilianza katika miaka ya 1980, na aliyeitunza kwa muda mrefu ni Mmarekani Arthur David Olson. Tangu mwaka 2011 daftari hilo liko chini ya IANA, chombo kinachotunza namba na majina ya intaneti. Humo Nairobi imetajwa, na saa za Dar es Salaam na Kampala hufuata za Nairobi. Daftari hurekebishwa serikali zinapobadili sheria. Kwa mfano, tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Daftari lisingerekebishwa, simu za Juba zingeonyesha saa isiyo ya kweli.

Kitabu cha pili ni cha desturi za lugha na nchi: kama siku hutangulia au mwezi, majina ya miezi ni yapi, juma huanza siku gani. Tangu mwaka 2004 kitabu hicho kinatunzwa na shirika liitwalo Unicode Consortium. Kiswahili kimo, nacho kina sehemu za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Kisha mwaka 2012 ilitolewa kanuni ya kuwawezesha watengenezaji wa tovuti kuvitumia vitabu kama hivyo kwa urahisi ndani ya simu au kompyuta ya msomaji mwenyewe.

Basi kazi huenda hivi. Tovuti hupeleka ile hesabu moja ya sekunde. Simu yako hujiuliza maswali mawili: Bwana huyu, au bibi huyu, yuko katika saa za mji gani? Tena amechagua lugha na desturi za nchi gani? Ikisha kupata majibu huandika, kwa mfano, 9 Desemba 2025. Mtu wa Chicago akiufungua ukurasa ule ule huona mwezi umetangulia. Hapana aliyelazimishwa kuacha desturi yake.

YALIYOBAKI

Lakini kazi haijakwisha. Kwanza, simu hujibu maswali hayo kwa kutazama jinsi ilivyopangwa. Simu nyingi hufika dukani zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Mwenye simu hiyo akiwa Lindi ataonyeshwa tarehe za Kimarekani, naye hakuzitaka. Pili, tovuti nyingi hazitumii njia hii hata leo. Huandika tu kama mwenye tovuti alivyozoea. Tatu, simu yenye lugha ya Kiswahili kwa kawaida hutaja miezi kwa Kiswahili, lakini saa huziacha katika hesabu ya kizungu. Inaandika 08:00, na mwenye simu anasema kwa mdomo saa 2. Mamilioni ya watu wanageuza saa kichwani kila siku, na yule aliyejifunza kusoma ukubwani ndiye anayeumia kwanza. Desturi yetu ya kuhesabu saa ni ya kweli kama ya watu wengine. Ikiwa mitambo imeweza kufundishwa desturi za kuandika za Mjapani na Mmarekani, na hii yetu yaweza kufundishwa.

Wakati tunangoja hayo, kila mmoja aweza kufanya mambo matano. Fungua mipangilio ya simu yako, au mwombe kijana akusaidie, uangalie nchi na saa zilizochaguliwa. Unapoandika barua au tangazo, andika jina la mwezi kwa herufi, na mwaka kwa tarakimu zote 4. Unapotaja saa, ongeza neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na kama unamwandikia mtu wa nchi nyingine, sema ni saa za wapi. Na ukipewa karatasi yenye tarehe usiyoielewa, uliza kabla ya kuondoka dirishani. Kuuliza hakulipiwi, kukosa siku hulipiwa.

MASWALI YA DARASA

1. Geuza saa hizi ziwe saa za Kiswahili: 05:30, 10:00, 16:15, 22:00.
2. Someni 02/11/2025 kwa desturi yetu, kisha kwa desturi ya Kimarekani. Andikeni majibu yote mawili kwa kutaja jina la mwezi.
3. Mkutano utaanza Dar es Salaam saa 4 asubuhi. Mjumbe aliyeko Bujumbura atakuwa na saa ngapi?
4. Andikeni tangazo fupi la mkutano wa kijiji ambalo hapana mtu atakayelisoma kinyume.

Viongozi wa madarasa, sahihisheni majibu pamoja na wanafunzi wenu, na aliyekosa asichekwe.